Walimu wa Watoto Wadogo: Jinsi Walivyoandaliwa Kampala

Kampala ni mji wa vilima, na vilima vyake vikubwa vilipata shule pamoja na nyumba za ibada. Namirembe ni kwa Waprotestanti, Rubaga na Nsambya kwa Wakatoliki, na Kibuli kwa Waislamu. Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna kutoka pwani mwaka 1844, na wamisionari wa Kiingereza hawakuwasili ila mwaka 1877, wakafuatwa na Wafaransa mwaka 1879. Waislamu basi walitangulia kwa zaidi ya miaka 30, lakini katika jambo la shule walitanguliwa. Vita vya dini vya mwisho wa karne ile viliwavunja nguvu, hata mkuu wao, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, akapelekwa uhamishoni Unguja mwaka 1893. Baada ya hapo shule zikawa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu akasalia na njia mbili: kumpeleka mtoto mahali ambapo huenda angerudi na jina jingine, au kumweka katika chuo cha Kurani bila ya hesabu wala kuandika kwa Kilatini. Wengi walichagua njia ya pili. Asiwalaumu mtu leo, maana hofu yao haikuwa ya bure.

Mtoto wa Mbogo, Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alisoma King's College Budo, shule ya Kikristo, akatoka Mwislamu kama alivyoingia. Yeye ndiye aliyeongoza Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, kilichoanzishwa katika miaka ya 1940, na ardhi yake ya Kibuli ikabeba msikiti uliokamilika mwaka 1951 na shule zilizouzunguka. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoasisiwa na Aga Khan wa Tatu mwaka 1945, ilisaidia kwa kanuni yake mashuhuri: wenyeji wachange, nayo iongeze kiasi kama kile walichochanga.

Majengo yakasimama, lakini jengo halifundishi. Ikahitajiwa kila mwaka idadi ya walimu Waislamu, na Kibuli ikapata chuo cha kuwaandaa. Hata hivyo walimu hao walikuwa wa shule za msingi. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hakuwa katika hesabu ya mtu. Serikali haikumchukua, si kabla ya uhuru wa 1962 wala baada ya Sheria ya Elimu ya 1963 iliyoziweka shule za madhehebu chini ya mamlaka yake. Na hata Waraka wa Elimu wa mwaka 1992 uliacha elimu ya kabla ya msingi mikononi mwa watu binafsi. Chekechea zilikuwa kwa wenye uwezo, na wengi wa Wahindi waliokuwa wakiziendesha walifukuzwa mwaka 1972 kwa amri ya Idi Amin. Mtoto wa mtaa maskini alibaki kwa mwalimu wa Kurani, akiketi mkekani, akikariri, mara nyingi pamoja na watoto wa kimo cha kila namna.

Njia ya kutoka hapo haikuanzia Kampala, bali Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wakishindwa kupata nafasi katika shule nzuri za msingi, kwa kuwa wenzao walikuja wakiwa wamekwisha kupita chekechea. Wakapeleka shauri kwa Aga Khan wa Nne. Kazi ikakabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu mwenyeji wa Mombasa, na mwaka 1986 jaribio likaanza. Jibu lake lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulitenda: chekechea iwekwe palepale madrasani, mtoto acheze, ahesabu na asimulie, na Kurani na adabu za dini ziwemo katika siku hiyohiyo. Wazee waliokuwa na wasiwasi kwamba michezo itaisukuma Kurani nje ya mlango waliona mambo yote mawili katika chumba kimoja, nao wakatulia. Mpango huo ulikwenda Unguja, na mwaka 1993 ukafika Kampala.

Kituo cha Kampala kilifanya kazi tofauti na ile ya vyuo vya walimu. Chuoni mwanafunzi husoma kwanza, kisha hutumwa shuleni kwa majuma machache ya mazoezi, ambako mkaguzi humtembelea, humpa alama na kuondoka. Hapa mambo yaligeuzwa. Jamii ya mtaa iliunda kamati, ikatia saini mapatano na kituo, ikachagua wanawake wa mtaani mwake, wengi wao wasio na elimu ya juu ila wenye subira na watoto. Hao wakapewa mafunzo mafupi ya kuwafungulia njia, kisha wakaingia darasani mara moja. Mafunzo yenyewe yaliendelea kwa muda wa miaka miwili hivi, na sehemu kubwa ilifanyika mbele ya watoto.

Mkufunzi alifika madrasani asubuhi kabla ya watoto, akaketi pembeni, akatazama bila ya kuingilia. Kuna mambo ambayo macho ya mwanagenzi hayayaoni: mtoto aliyesimama peke yake karibu na mlango kwa nusu saa, swali lililoulizwa na kujibiwa na mwalimu mwenyewe kabla mtoto hajafumbua kinywa, vifaa vilivyowekwa juu mno hata mkono mdogo usivifikie. Wakati mwingine mkufunzi aliinuka akaongoza kikundi mwenyewe, mwanagenzi akitazama, kwani wapo wasiofahamu kwa maneno hata wakiambiwa mara kumi. Watoto walipokwenda nyumbani, wawili hao waliketi. Mkufunzi mwema hakuanza kwa kukosoa, aliuliza, «Umeonaje leo?» kisha akangoja. Mara nyingi mwanagenzi alitaja kasoro yake mwenyewe, na kasoro aliyoitaja mwenyewe aliirekebisha upesi kuliko ile aliyotajiwa. Wakaafikiana jambo moja au mawili ya kufanyiwa kazi, na ziara iliyofuata ilianzia hapo.

Utaratibu wa siku ulichukuliwa katika mpango wa High/Scope, uliotungwa Marekani na David Weikart na wenzake mjini Ypsilanti, Michigan. Mtoto hupanga atakalofanya, hulifanya, kisha hulisimulia. Mpango huo ulivishwa kanzu ya nyumbani. Hapakununuliwa vitu vya kuchezea vya madukani. Walimu walijifunza kutengeneza vyao kwa vifuniko vya chupa, mbegu, maboksi, vitambaa na nyuzi za mgomba, ambazo Buganda hazijawahi kuadimika. Kufanya hivyo kulipunguza gharama, na pia kulimfanya mwanagenzi ajiulize kila kitu kinafundisha nini kabla ya kukitia mkononi mwa mtoto. Kwa waliolelewa kwa fimbo na kukariri, jambo gumu zaidi lilikuwa kunyamaza na kumwacha mtoto atafute jibu.

Wako waliosema kwamba haya ni kuwapotezea watoto wakati. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na mwenzao, uliolinganisha watoto wa chekechea za madrasa, wa chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani, katika Kenya, Unguja na Uganda. Waliopita chekechea yoyote waliwashinda wa nyumbani, na wa madrasa walipiga hatua kubwa kupita wote. Wakati huo chekechea za mpango huu katika nchi tatu zilikuwa zimepita 200. Mwaka mmoja kabla yake, 2007, serikali ya Uganda ilitoa sera yake ya kwanza juu ya malezi na maendeleo ya watoto wadogo.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa mshahara. Karo ya mtaa maskini ni ndogo, na huja kwa kuchelewa. Mwalimu aliyeandaliwa kwa miaka miwili akawa na thamani mahali pengine, na wengine waliondoka kwa malipo bora au walipoolewa na kuhamia mbali, na kamati ikaanza upya na mwanagenzi mwingine. Kituo kilijaribu kuzuia hasara hiyo kwa kuipa kila madrasa iliyohitimu akiba ndogo ya fedha, wenyeji nao wakichanga fungu lao, ili faida yake iongezee mshahara. Ni kanuni ileile ya mwaka 1945. Mahali ambapo kamati ilikutana kila mwezi, ikasoma hesabu mbele ya wazazi na kufuatilia karo, walimu walikaa. Mahali ambapo kamati ilibaki majina katika karatasi, akiba peke yake haikuweza kumzuia mwalimu asiondoke.