Mikono ya Nani? Kazi za Nyumba, Kutoka kwa Mwana Kupona Hadi Kwetu Kilindoni



Kuna asubuhi mwili unakataa. Umeswali Alfajiri, jua limepanda, vyombo vya jana bado viko kwenye beseni na ukoko umekauka sufuriani. Pa kuanzia unapajua, ila mkono hauendi. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa hapa Kilindoni nilikuwa na asubuhi nyingi za namna hiyo. Nikajiona mvivu peke yangu, maana kila nilipousiwa niliambiwa wanawake wa zamani walifanya yote na hawakuchoka. Basi nikaanza kuwatafuta wanawake hao ni akina nani hasa.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima aketi karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti 102. Alijua huenda hatamwona akizeeka, na kweli alifariki miaka michache baadaye. Ndani ya utendi huo alimuusia amche Mungu, amheshimu mume, aiweke nyumba safi, naye mwenyewe ajisinge na kutunga asumini. Kisha akawaalika wanawake wengine nao wausome. Mpaka leo mabinti wa pwani wanausiwa kwa maneno yake.

Lakini tusome vizuri. Nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa na watumwa, na utendi wenyewe unawataja. Kwa hiyo tunapojipima na wasia ule, tukumbuke kuwa nyuma yake kulikuwa na mikono mingine iliyoteka maji, iliyotwanga na iliyofua. Wanawake wale hawakuandikiwa utendi.

Na kwetu Mafia mambo hayakuwa tofauti. Mwaka ule wa 1858 Kilindoni haukuwa mji. Makao yalikuwa Chole, chini ya Sultani wa Zanzibar, na mashamba ya minazi ya kisiwa yalitunzwa kwa jasho la watumwa. Wajerumani waliichukua Mafia mwaka 1890, na mwaka 1913 wakahamishia utawala Kilindoni kwa sababu ya kina cha maji kwa meli. Utumwa ulifutwa kabisa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ukihesabu vizazi, si mbali. Huenda bibi yake bibi yako alikuwa upande mmoja au mwingine wa ua ule.

Sasa turudi nyuma zaidi, Madina. Bi Fatma (R.A.), binti wa Mtume (S.A.W.), alisaga nafaka kwa jiwe mpaka mikono ikamuuma. Aliposikia baba yake ameletewa mateka, alikwenda kumwomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bi Aisha (R.A.) ujumbe. Usiku Mtume akawafuata yeye na Sayyidna Ali wakiwa wameshalala, akawazuia wasiinuke, akaketi kati yao. Hakuwapa mtumishi. Aliwafundisha wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akasema hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Nimekisikia tangu madrasa, ila nilipoolewa ndipo nilipokielewa. Binti wa Mtume alichoka! Na alipochoka alisema, na hakuna aliyemwita mvivu. Mtume mwenyewe, kama alivyosimulia Bi Aisha, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hata katika madhehebu yetu ya Shafii, wanazuoni wamesema kupika na kufua si wajibu wa kisheria juu ya mke. Bi harusi, silaha hiyo usiende kumpigia mume. Ichukue ikupe moyo: unachokifanya nyumbani ni ihsani, na ihsani ina ujira.

Mwisho ni bibi zetu wa hapa hapa. Mwaka 1965 mwanaanthropolojia Mwingereza, Pat Caplan, alifika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Mafia na akarudi mara nyingi kwa miaka mingi. Aliandika juu ya wanawake waliolima, waliokuwa na minazi yao na waliosuka mikeka ya kuuza. Hawa hawakuwa na wa kuwatekea maji.

Na mkeka unafundisha. Hakuna anayekaa asubuhi akasema leo nasuka mkeka. Husukwa ukili, mwembamba, pima kwa pima, huku maharage yako jikoni na mtoto yuko mgongoni. Mtu akija, ukili unawekwa chini. Akiondoka, unaokotwa pale pale ulipoishia. Siku moja unatosha, unashonwa, na mkeka upo.

Mimi sasa kazi za nyumba nazifanya kama ukili. Siitazami nyumba nzima. Nasema Bismillah, naosha sufuria moja, mara nyingi ya pili inafuata yenyewe. Isipofuata, nitaikuta. Na usiku, kabla ya kulala, nahesabu tasbihi ya Bi Fatma kwa vidole hivi hivi vilivyokwaruzwa na steel wire.

Kama leo mkono wako hauendi, dada, anza na kijiko kimoja. Na kama umechoka kweli, mwambie mwenzio, kwani Bi Fatma alisema.

Allah azitie baraka nyumba zetu na mikono inayozitunza. Amin.