Hatua Kumi na Tisa

Basi la usiku kutoka Nairobi lilitushusha Kisii alfajiri. Kufikia saa moja tulikuwa Daraja Mbili, mume wangu akivutana na dereva wa Probox juu ya nauli, mimi nikishangaa ndizi. Mikungu juu ya mikungu, na akina mama wenye mabuti ya mpira wanatembea kwenye matope kama wako sebuleni. Nikamwambia, "Kumbe kwenu kuna shamba hivi, na bado unalia kodi South B?"

Alicheka tu. "Ngoja tufike."

Kijiji chenyewe, upande wa Kitutu, sitakitaja jina. Wenyewe wana kesi za mipaka za kutosha. Alikuwa ameniambia kwamba kinakufa, kwa hivyo mimi mtu wa Mombasa nilitarajia mahame: vichaka, kuta zilizobomoka, popo. Nilikuta msongamano usio na watu. Nyumba za matofali zimekaribiana hadi paa karibu zigusane, na nyingi zimetiwa kufuli mpaka Desemba. Palipokuwa na wimbi siku hizi pana mikaratusi, kwa sababu mti haudai palizi na mwenyewe yuko Nairobi. Tulipita maduka matatu. Lililokuwa wazi ni moja, na linauza vocha na mkate wa jana.

Nyanya yake, ambaye wote humwita Magokoro, alitungoja mlangoni. Nikampa shikamoo kwa mazoea ya kwetu. Akacheka mpaka akashika kizingiti. "Marahaba! Hiyo nilikuwa naisikia redioni tu, mokamwana."

Baada ya obokima na chinsaga alinyanyua bakora, akatupeleka kuonyeshwa urithi. Hesabu anayo kichwani. Baba mkwe wake alikuwa na ekari 16 na wake wawili. Kwa Wagusii ardhi hufuata enyomba, yaani nyumba ya mama, kwa hivyo kila nyumba ilichukua 8. Nyumba yao ilikuwa na wana wanne: ekari 2 kila mmoja. Marehemu mumewe naye akazaa wanne: nusu ekari. Baba mkwe wangu ana watatu. Nilipiga hatua kukata upana wa fungu la mume wangu kutoka mchongoma mmoja hadi mwingine. Zilikuwa 19.

Ni rahisi kusema watu walizaa sana, na jamaa fulani kwenye Probox alisema hivyo hivyo. Lakini zamani ardhi ikibana, kijana alihama akafungue pori kwingine, na vijana walilinda ng'ombe kwenye ebisarate, kambi za mifugo mbali na nyumbani. Jeshi la Waingereza liliingia mwaka 1905. Mwaka 1908 Otenyo alipomchoma mkuki afisa wao, Northcote, lilirudi, likachoma nyumba na kutwaa maelfu ya ng'ombe. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong, Otenyo hakupona. Kambi zikapigwa marufuku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na upande wa Sotik ardhi ikakatiwa walowezi. Mlango wa kuhamia ukawa umefungwa. Waliobaki bila ng'ombe walienda kuchuma chai Kericho.

Kahawa ilikuja miaka ya 1930, Kisii ikiwa kati ya sehemu chache za kwanza ambako Mwafrika aliruhusiwa kuipanda. Kisha pareto na chai. Magokoro anasema pareto ndiyo iliyosomesha watoto wake wote, na malipo yalipoanza kuchelewa aliing'oa kwa mikono yake. Baada ya uhuru baadhi ya jirani walipata mashamba ya walowezi kule Borabu. Mumewe hakwenda. "Alisema hawezi kuacha kaburi la baba yake," aliniambia, na sikujua kama anamsifu au anamlaumu.

Sensa ya 2019 inahesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, wakati wastani wa nchi nzima ni 82. Takwimu hiyo haionyeshi kufuli. Shamba la hatua 19 halilishi mtu, ila linatosha nyumba ya kulala Krismasi, na kaburi. Hapa mtu huzikwa kwao, na makaburi pia yanakula ardhi. Niliyaona manne kando ya migomba, mawili yamejengewa saruji.

Magokoro alisimama hapo, akaniangalia mimi wala si mjukuu wake. "Na wewe mwanangu, watakulaza wapi?"

Kwetu swali hilo hamuulizi mgeni siku ya kwanza. Nilitazama chini. Mume wangu akasema mvua inakuja.

Ilikuja kweli, na kesho yake tukarudi Daraja Mbili na gunia la ndizi. Tukiwa kwenye basi, ndugu yake aliye Doha alituma ujumbe: jirani mmoja anataka kununua mafungu yote matatu pamoja, pesa taslimu, inabaki sahihi moja tu. Mume wangu aliusoma, akanipa simu niusome, akaichukua tena.

Tulipopita Narok alikuwa bado hajajibu.