Twende wangapi? Historia ya swali la zamani katika pori la Beni na Ituri

BUNGULU, BENI – Hapa kwetu swali hili linasikika kila asubuhi: twende wangapi? Mama anayetaka kufuata muhogo katika shamba aliloacha anawauliza jirani zake. Wenye kakao wanaulizana, na madereva wa barabara ya Oicha pia. Kuna wanaosema tukiwa watano tutapita kimya, hakuna atakayetuona. Kuna wanaosema tukiwa hamsini hakuna atakayetugusa. Tangu mauaji yalipoanza eneo la Beni mwezi wa kumi 2014, kila upande una mifano yake, na kila upande una marehemu wake.

Vijana wetu wanabishana juu ya swali hilo hilo kwenye simu. Katika michezo ya intaneti, watu wanaungana kuvamia ngome ya adui mkali, na kelele ni zile zile: je, tuongeze watu au tupunguze? Sisi wa Beni neno «kuvamia» linatutia baridi, lakini ubishi wao si wa kuchekwa. Ni wa zamani sana, na sehemu kubwa ya historia yake ilipita katika pori letu hili.

Nyavu saba, nyavu thelathini

Tuanze na wenyeji wa kwanza wa pori. Upande wa Mambasa na Epulu, Wambuti wamewinda kwa nyavu tangu zamani. Kila baba wa familia ana wavu wake, uliosukwa kwa nyuzi za mmea unaoitwa kusa. Wakifika mahali pa kuwindia, wanaume wanaunganisha nyavu zao, moja baada ya nyingine, mpaka zinafanya nusu duara. Wanawake na watoto wanazunguka upande wa pili, kisha wanakuja wakipiga kelele na kutikisa vichaka. Mboloko anakurupuka, anakimbilia nyavuni.

Mwingereza mmoja, Colin Turnbull, alikaa na Wambuti wa Epulu katika miaka ya 1950. Katika kitabu alichotoa 1965 aliandika kwamba kikundi cha nyavu kinahitaji familia saba hivi kwa uchache, na kisizidi thelathini.

Kwa nini saba, na kwa nini thelathini? Tupige hesabu yetu wenyewe. Tuseme wavu mmoja una mita 50. Nyavu saba zinafanya mita 350. Ukipunguza hapo, mnyama anaponyoka pembeni na watu wanarudi na njaa. Nyavu thelathini zinafanya mita 1500, yaani kilometa moja na nusu ya kamba porini. Aliye mwisho wa huku hasikii tena sauti ya aliye mwisho wa kule. Na jioni nyama ikifika kambini, vinywa ni vingi.

Lakini idadi hiyo haikuwa sheria ya mwaka mzima. Wakati wa asali, Wambuti wa nyavu walitawanyika katika vikundi vidogo. Majirani zao Waefe, wanaoishi karibu na Walese na kuwinda zaidi kwa upinde, walifanya kinyume. Wao kwa kawaida waliishi katika vikundi vidogo, na wakati huo huo wa asali ndipo walipokusanyika kwa windo kubwa la pamoja. Pori ni lile lile na majira ni yale yale, lakini majibu yalikuwa mawili tofauti.

Wasomi walibishana miaka mingi juu ya jambo hilo. Mwaka 1989, Robert Bailey na Robert Aunger walisema tutazame kazi ya wanawake. Pale ambapo mwanamke anapata chakula cha kutosha kwa kufanya kazi katika mashamba ya wanakijiji, hana sababu ya kutembea siku nzima nyuma ya nyavu. Na bila wanawake wa kufukuza wanyama, wavu ni kamba tu iliyofungwa mitini. Basi ukubwa wa kikundi haukuamuliwa na ushujaa wa wanaume. Uliamuliwa pia na mama aliyepima wapi watoto wake watashiba.

Watu 389 wanaingia porini

Mwaka 1887 alikuja mgeni ambaye hakujua hesabu hiyo. Henry Morton Stanley aliagizwa kumfuata Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, aliyekuwa amezingirwa na vita vya Sudani. Stanley alichukua mamia ya watu kutoka Zanzibar, akawazungusha kwa meli mpaka mdomo wa mto Kongo, wakapanda mto mpaka Yambuya, kwenye mto Aruwimi. Mto huo ndio Ituri yetu ikifika chini.

Yambuya aligawa msafara wake. Tarehe 28 mwezi wa sita 1887 aliingia porini na watu 389. Wengine, chini ya Meja Barttelot, walibaki nyuma na mizigo wakingoja wapagazi ambao Tippu Tip aliahidi.

Kundi la mbele liliona njaa. Njia ya pori ni ya mtu mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo watu 389 ni mstari mrefu sana. Wa mbele wakikuta makemba shambani, wa nyuma wanakuta maganda. Vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kuharibiwa na wawindaji wa pembe na watumwa. Watu walikufa kwa njaa, vidonda na mishale, wengine walitoroka, wengine waliachwa wagonjwa njiani. Stanley alifika Ziwa Albert tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 1887, na kundi lililosimama naye hapo halikuwa tena lile lililotoka Yambuya.

Kundi la nyuma halikuwa na heri pia. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima. Barttelot aliuawa mwezi wa saba 1888. Stanley aliporudi kuwatafuta, aliwakuta Banalya mwezi uliofuata. Kati ya Wazungu watano aliowaachia kazi alimkuta mmoja tu, William Bonny, na watu wengi wa Zanzibar walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kule Uingereza ubishi uliwaka: je, kosa lilikuwa kugawa msafara? Au lilikuwa kuleta watu wengi hivyo mahali pasipo chakula?

Mwaka 1889 msafara ulirudi kuelekea pwani ukiwa na watu karibu 1500 pamoja na watu wa Emin. Ulipita bonde la Semliki, chini ya Rwenzori, milima ile tunayoiona kutoka huku kwetu. Vitabu vinataja sana mateso ya wasafiri. Vinataja kidogo sana wenye vijiji, ambao mashamba yao yaliliwa na msafara uliopita bila kuuliza bei. Familia inayopokea wageni ishirini katika nyumba ya vyumba viwili inaelewa jambo hilo bila kufundishwa: kikundi kikubwa ni lazima kile, na kuna mtu anayekilisha.

Wafanyabiashara wa pwani walilijua hilo mapema. Misafara yao ilipofika Ugogo, katika Tanzania ya leo, iliungana kwa ajili ya usalama. Lakini watawala wa Ugogo walidai hongo, na msafara mkubwa wenye mali nyingi ulidaiwa hongo kubwa. Ulinzi ulikuwa na bei.

Meli za baharini na ua wa shamba

Wapo watakaosema: basi, kidogo ni bora. Historia haikubali upesi hivyo. Katika vita ya pili ya dunia, meli za mizigo zilivuka bahari ya Atlantiki kwa misafara, zikilindwa na meli za kivita kwa sababu ya nyambizi za Wajerumani. Wakubwa wa jeshi la maji la Uingereza waliogopa misafara mikubwa. Waliona meli zikipita arobaini ni hatari.

Mwanasayansi Patrick Blackett na wenzake walichukua madaftari ya vita, wakahesabu. Waligundua kwamba misafara mikubwa ilipoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake kuliko midogo. Sababu yake mkulima yeyote ataielewa. Shamba la mita 10 kwa 10 linahitaji ua wa mita 40. Shamba la mita 20 kwa 20 ni kubwa mara nne, lakini ua wake ni mita 80 tu, mara mbili. Vivyo hivyo, ukiongeza meli katikati, walinzi wa pembeni hawahitaji kuongezeka kwa kiasi hicho. Kuanzia 1943 misafara ilikuzwa, na mwaka 1944 mmoja wenye meli zaidi ya 160 ulivuka bila kupoteza hata moja.

Barabara haina pembe nne

Hapo ndipo tuwe waangalifu, ndugu zangu. Bahari ni uwanja, barabara ni kamba. Meli zinaweza kujipanga kama shamba la pembe nne. Magari ya Beni kwenda Komanda yanapangwa moja nyuma ya lingine, pori kushoto, pori kulia. Ukiongeza magari mara mbili, mstari unakuwa mrefu mara mbili, na ua wake vilevile. Hesabu ya Blackett haitusaidii hapo. Tunarudi kwa mstari wa Stanley, ambamo wa mbele hajui yaliyompata wa nyuma.

Tarehe 1 mwezi wa tisa 2021 tuliliona kwa macho. Msafara mrefu wa magari uliokuwa ukisindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa huko Ofaye, upande wa Komanda, katika barabara ya kitaifa namba 4. Raia waliuawa, magari yalichomwa, wasafiri walitekwa. Wingi wa magari haukuwa ngao.

Arobaini, ishirini na tano, ishirini

Hata wale wa michezo wamepita njia hiyo hiyo. Mchezo wa Kimarekani World of Warcraft ulipotoka 2004, ngome kubwa zilivamiwa na watu hadi 40. Kuwakusanya 40 saa moja, kila mmoja na mashine yake, ilikuwa taabu, na wengi walifuata nyuma wakati wachache wanafanya kazi. Mwaka 2007 idadi ikashushwa mpaka 25. Mwaka 2013 wakatunga namna ambayo adui anaongezeka nguvu kadiri mnavyoongezeka, kama hongo ya Ugogo. Mwaka 2014 ngazi ngumu kuliko zote ikawekwa kwa watu 20 kamili, ili kila mmoja awe na kazi yake. Kule anayekufa anaamka tena. Huku kwetu hapana.

Tunabaki na nini

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee hao hao walisema wapishi wengi huharibu mchuzi. Hawakujipinga, walikuwa wanazungumzia kazi mbili tofauti.

Historia haitupi namba moja ya kwenda nayo shambani, na hakuna namba inayoshinda habari ya kweli ya njia kutoka kwa chefu wa kata na kwa waliopita jana. Inachotupa ni maswali ya kuulizana kabla ya kutoka. Wa mwisho akiita, wa kwanza atasikia? Nani anakaa nyuma, na je, ni kwa zamu, au daima ni yule mama mwenye mtoto mgongoni? Mzigo tunaoufuata unatutosha sisi wote, au tutalazimika kukaa mpaka giza liingie? Na nani anatuhesabu tukitoka, na kutuhesabu tena tukirudi?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Kambi ya Wambuti haikuwa na daftari, lakini mwenye wavu akikosekana, pengo lake lilionekana katika nusu duara mara moja. Katika kundi la watu mia wasiojuana, mtu anaweza kukosekana mpaka kesho yake ndipo mke wake anaanza kuzunguka akiuliza. Basi mkiwa saba au mkiwa thelathini, mwende mkijuana majina, na akikosekana mmoja ijulikane kabla jua halijatua.