Mahandaki ya Kilosa: Reli Iliyoukwepa Mto

Mgeni uliyefika Ipagala, Dodoma, kutoka Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kisasa (SGR) umekwishapita ndani ya milima, pengine ukiwa usingizini. Kwingineko watu huchimba mahandaki chini ya mito. Handaki la Thames, London, lilifunguliwa kwa waenda kwa miguu mwaka 1843. Shanghai kuna la watalii, lenye taa za rangi, chini ya mto Huangpu. Huku kwetu handaki lilichimbwa kuukimbia mto.

Reli ya Wajerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, ilifuata bonde la mto Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe. Bonde lilirahisisha ujenzi, matunzo yakawa balaa: mafuriko yalibomoa tuta na madaraja mara kwa mara, na mvua za mwaka 2009 na 2010 zilisimamisha treni kwa miezi. SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ikatoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki manne. Abiria walianza kusafiri hadi Dodoma Julai 25, 2024.

Humo gizani hamna taa za maonyesho, na afadhali: mabonde yanayojitokeza kati ya handaki na handaki yanatosha. Ukirudi Dar es Salaam, panda treni ya mchana, ukae dirishani.