Unahamia Eldoret? Panga nyumba yako ya kwanza bila kugawa siri zako

Kila mwaka vijana wetu kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River hupanda basi kwenda Eldoret. Wengine wanaenda kusoma Chuo Kikuu cha Moi au Chuo Kikuu cha Eldoret, wengine kufanya kazi hospitalini, viwandani na madukani. Mji huo, ambao wenyewe huuita Sixty-Four, ulipewa hati ya kuwa jiji Agosti 15, 2024.

Mimi ni mtu wa pwani niishiye huku, na maswali ninayopigiwa simu kila muhula ni mawili: ninunue nini kwanza, na nifanyeje nisitapeliwe? Nayajibu pamoja kwa sababu hayatengani. Karibu kila kitu unachoingiza katika nyumba ya kwanza kinakuja na fomu ya kujaza jina, nambari ya simu na kitambulisho.

Kabla ya kulipa kodi

Utaona picha za nyumba nzuri kwenye Facebook na WhatsApp, bei ya kuvutia, kisha utaambiwa utume pesa kidogo ili nyumba isichukuliwe na mwingine. Usitume. Sisi wa pwani ni windo rahisi kwa sababu tuko karibu kilomita 800 kutoka huko. Mtume jamaa au mwanafunzi mwenzako akaione nyumba kwa macho, au fikia kwa mwenyeji siku mbili uitafute mwenyewe.

Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si jina lililo kwenye mkataba, simama uulize. Na ikitokea umetuma kwa nambari isiyo sahihi, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

Mwenye nyumba ana haki ya kujua anampangisha nani, kwa hiyo nakala ya kitambulisho ataitaka. Mpe, lakini andika juu yake kwa kalamu: "Kwa kupanga nyumba pekee", jina la mtaa na tarehe. Nakala iliyoandikwa hivyo ni vigumu kuombea mkopo au kusajilia laini. Usiitume picha ya kitambulisho katika kundi la wapangaji. Akitaka nambari ya mtu wa dharura, toa moja tu, na umwombe mwenyewe ruhusa kwanza.

Vyombo: anza na baridi

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari. Feni iache nyumbani. Kabla ya kochi wala runinga, nunua godoro zuri na mablanketi mazito mawili. Kiwanda cha Ken-Knit kinayatengeneza hapo hapo mjini. Mkeka mtupu juu ya saruji hautoshi, tafuta zulia la chini.

Jikoni, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria tatu, ndoo mbili zenye vifuniko na kisu kikali vinatosha kuanzia. Kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, basi maharagwe na mbaazi huchukua muda mrefu kuliko ulivyozoea. Sufuria ya presha itakuokolea gesi nyingi. Mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu beba kutoka kwenu.

La muhimu kuliko yote: usiingize jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili upate joto. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtu hulala asiamke. Ongeza blanketi.

Kuhusu stima, hakikisha mita ya tokeni ni yako peke yako na haina deni la mpangaji aliyetangulia. Hita ya maji ya kuoga hula tokeni haraka kuliko kitu kingine chochote nyumbani.

Vyombo vya mkopo na simu yako

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kijana anataka kitanda na runinga wiki ya kwanza, anapakua programu ya mikopo, na programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Anakubali bila kusoma.

Jirani yangu mmoja alichelewa siku chache kulipa mkopo wa namna hiyo. Nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua akiniamuru nimwambie jirani alipe. Shangazi yake kule pwani alipigiwa pia, na mwalimu wake wa zamani. Deni lilikuwa la kitanda, lakini aibu ilienea ukoo mzima.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 haziruhusu mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa namna hiyo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kutuma vitisho. Lakini faini haifuti aibu. Nunua kidogo kidogo, kwa pesa taslimu. Ukilazimika kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na ukatae ruhusa ya majina, picha na jumbe.

Vitu vinavyobaki na kumbukumbu

Ukifungiwa Wi-Fi, badilisha nywila siku hiyo hiyo; ile ya kiwandani fundi anaijua. Runinga au simu ya mtumba irudishe katika hali ya kiwandani kabla ya kuitumia, na ufanye vivyo hivyo unapouza yako. Ukiweka kamera, ielekeze mlangoni kwako, si dirishani kwa jirani.

Kwa laini za Safaricom, piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na mtu mwingine popote isipokuwa katika duka la Safaricom. Kampuni hiyo hukupigia kwa 0722 000 000. Anayepiga kwa nambari nyingine akitaka nambari yako ya siri ni tapeli, hata akikutajia jina lako lote. WhatsApp nayo iwekee uthibitisho wa hatua mbili.

Haki yako ukidhulumiwa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kusahihishiwa zilizo na makosa na kuomba zifutwe. Kwa hiyo unaweza kumuuliza mwenye nyumba, duka au mkopeshaji, na ni lazima akujibu. Asipofanya hivyo, peleka malalamiko kwa Kamishna. Unaweza kuyatuma kwa mtandao, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Weka picha za jumbe, tarehe na nambari zilizokupigia. Bila ushahidi kesi haisimami.

Wazazi nanyi mna sehemu yenu. Mtu akiwapigia kusema mtoto amelazwa hospitalini au amekamatwa, atumiwe pesa upesi, kateni simu mumpigie mtoto mwenyewe. Kubalianeni kabla hajasafiri neno moja la siri ambalo mtaulizana, nalo lisiandikwe kwenye simu ya yeyote.