Jaji na Deni la Shukrani

Mei 4, 2015, Sylvère Nimpagaritse, makamu wa rais wa Mahakama ya Katiba ya Burundi, alivuka mpaka akaingia Rwanda. Mahakama aliyoiacha Bujumbura ikatoa uamuzi kwamba Rais Pierre Nkurunziza anaweza kugombea muhula wa tatu, na uamuzi huo haukuwa na saini yake. Akiwa ukimbizini aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mwanzoni wengi kati ya majaji saba wa mahakama hiyo waliona muhula huo unavunja katiba. Kisha yakaja mashinikizo na vitisho, na waliokuwa upande huu wakahamia upande ule. Yeye dhamiri ilimkatalia.

Kila nikimfikiria Nimpagaritse, namkumbuka Robert Badinter wa Ufaransa. Badinter alizaliwa Paris mwaka 1928 katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikamatwa Lyon Februari 1943, akapelekwa kambi ya Sobibor, hakurudi. Mtoto akawa wakili. Mwaka 1972 alimtetea Roger Bontems, mtu ambaye mahakama yenyewe ilikiri kwamba hakuua kwa mkono wake, na bado akakatwa kichwa. Badinter alikuwepo alfajiri hiyo gerezani. Alipokuwa waziri wa sheria wa François Mitterrand, alisimama bungeni Septemba 1981 kudai adhabu ya kifo ifutwe, na Oktoba 9 ikafutwa. Burundi ilifuata njia hiyo Aprili 2009, katika kanuni mpya ya adhabu. Lakini Badinter ninayemtaka hapa ni yule wa baadaye, aliyetoka kwenye siasa akakalia kiti cha jaji.

Mwanzoni mwa 1986 Mitterrand alimteua kuongoza Baraza la Katiba. Walikuwa marafiki, wanasiasa wa mrengo mmoja, na uchaguzi wa bunge ambao mrengo huo ungeshindwa ulikuwa umekaribia. Wapinzani walisema rais anamweka mtu wake. Badinter alijibu kwa kauli ambayo Wafaransa hawajaisahau: kwamba kwa rafiki yake aliyemteua, sasa ana wajibu wa kukosa shukrani. Mwaka 1991 wajibu huo ulionekana. Serikali ya Mitterrand ilipitisha sheria iliyotaja “watu wa Corsica” kuwa sehemu ya watu wa Ufaransa, na Baraza la Badinter likakifuta kifungu hicho. Mitterrand alibaki Ikulu, na Badinter akabaki kwenye kiti chake hadi 1995.

Kwenye karatasi, Nimpagaritse alikuwa na kinga ileile ya Badinter. Waandishi wa katiba yetu ya 2005 walijifunza kwa Wafaransa: chini ya katiba hiyo, jaji wa Mahakama ya Katiba aliteuliwa na rais kwa idhini ya Seneti, alikaa miaka sita, na muhula wake haukuongezwa. Maana ya kutoongezwa ni kwamba jaji hana sababu ya kumpendeza mteuzi wake ili abaki kazini. Paris wanahesabu miaka tisa kwa nia hiyohiyo.

Nataka kuwa mwadilifu kwa majaji waliotia saini. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 28, 2000 unasema bila kificho kwamba hakuna atakayeshika urais zaidi ya mihula miwili. Katiba iliacha mwanya. Kifungu cha 96 kilimtaja rais aliyechaguliwa na wananchi moja kwa moja, na kifungu cha 302 kikaruhusu rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito achaguliwe na bunge, kama ilivyokuwa 2005. Wafuasi wa Nkurunziza walidai basi kwamba muhula ule wa kwanza hauhesabiki. Mwanasheria aliyetulia anaweza kuibishania hoja hiyo siku nzima, kwa nia njema. Tatizo ni kwamba hakukuwa na utulivu. Tangu Aprili 26 vijana wa mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke jijini Bujumbura walikuwa barabarani wakipinga muhula huo, polisi wakifyatua risasi. Jaji aliyefikia jibu akiwa na hofu ya kulala nyumbani kwake hajaamua kitu, hata kama jibu lenyewe linasomeka vizuri.

Hapo ndipo urithi wetu wenyewe unaponiita. Kabla ya Wajerumani na Wabelgiji, Burundi ilikuwa na waamuzi wake, bashingantahe, na kila kilima kilikuwa nao. Mtu hakuteuliwa kutoka juu. Alichunguzwa kwa miaka: anasema kweli? Anatunza siri? Akinywa anajitawala? Ana mali ya kumtosha asinunulike? Alikaa pembeni ya wazee akijifunza, na yeyote mwenye neno dhidi yake aliweza kulisema. Ikifika siku ya kutawazwa, familia yake iliandaa urwarwa, yaani pombe ya ndizi, na pombe ya mtama, watu wakaja, akala kiapo mbele ya wote, akakabidhiwa fimbo. Katika kesi, fimbo hizo ziligongwa chini huku wenye shauri wakisikilizwa kwa zamu, kisha wazee walijitenga kushauriana, wakarudi na neno moja.

Tofauti na Paris iko wazi hapa. Badinter alisema deni lake kwa mteuzi amelifuta. Mushingantahe hakuwa na mteuzi wa kumdai. Aliyempa fimbo ni kilima kizima, na kilima hichohicho kiliweza kumnyang'anya. Mfaransa anamlinda jaji kwa kumweka mbali na watu. Mrundi wa zamani alimlinda kwa kumweka katikati yao, ambako hongo ya usiku mmoja ingejulikana kesho yake kisimani.

Sisemi kwamba yalikuwa mambo ya peponi. Wanawake hawakushika fimbo, Watwa waliwekwa kando. Wakoloni waliuvunja nguvu mfumo huo, na wakati wa chama kimoja jina la mushingantahe liligawiwa kwa watu wa utawala na wa chama bila kilima kuulizwa. Halafu kuna agatutu k'abagabo, ile pombe ya kuwashukuru wazee baada ya shauri. Ilianza kama heshima. Mahali pengi ikawa ada, na maskini asiye na cha kununulia pombe akakaa na shauri lake. Namwelewa kabisa mwananchi anayekunja uso akisikia wazee wakisifiwa.

Arusha walijaribu kuurudisha mfumo huo: mkataba ulitaka baraza la ubushingantahe likae kwenye kila kilima na kutoa haki kwa nia ya kupatanisha. Sheria ya komine ya 2010 ikawaondoa bashingantahe. Mwaka 2021 ikaja sheria ya mabaraza mapya ya upatanishi vilimani, ambayo wajumbe wake wanapigiwa kura. Kura ni jambo jema, lakini kura ni ya siku moja. Miaka ya kuchunguzwa haimo katika sheria hiyo, na mimi naona hasara iko hapo.

Novemba 25, 2021, kitengo cha rufani cha Mahakama ya Afrika Mashariki, chenye makao Arusha, kiliamua kwamba uamuzi wa Bujumbura wa 2015 ulivunja mkataba wa Jumuiya. Kesi ilifunguliwa na asasi za kiraia mwaka uleule wa 2015, ikashindwa, ikakatiwa rufani, ikarudi, ikashindwa tena, ikakatiwa rufani tena. Wakati jibu linafika, Nkurunziza alikuwa amefariki tangu Juni 2020. Majaji wa Arusha nao huteuliwa na marais, katika Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Ila hakuna rais hata mmoja kati yao ambaye peke yake anaweza kumtuma mtu mlangoni kwa majaji hao.

Kama ningeulizwa cha kubadili katika Mahakama yetu ya Katiba, nisingegusa muhula wa majaji. Ningetaka jina la anayeteuliwa, kabla halijafika Seneti, litangazwe redioni na kusomwa kwenye kilima alikozaliwa na katika mtaa anakoishi, iwe Rohero au Kamenge. Watu wapewe miezi, si siku, ya kusema wanachokijua juu yake. Na akishakubaliwa aapishwe uwanjani mbele yao, ili siku akipigiwa simu usiku akumbuke kwamba kuna wengi watakaomuuliza amejibu nini.