Mizani Mlangoni: Ghala la Pamba na Historia ya Biashara Bariadi

Anayesoma historia ya biashara ya Unguja huanza na milango ya Mji Mkongwe. Akija Bariadi na jicho hilohilo, atavutwa na maduka ya zamani: baraza mbele, chumba cha bidhaa katikati, makazi na ua nyuma. Maduka hayo yana heshima yake, ila hayasemi fedha ya mji ilitoka wapi. Bariadi haina bandari, na reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, haikuifikia. Mzigo wa reli ulipakiwa Malampaka, upande wa Maswa. Kilichowavuta wafanyabiashara huku ni pamba. Mkulima akishalipwa, ndipo khanga, sukari na majembe hutoka dukani. Ndiyo maana jengo linaloieleza biashara ya mkoa wa Simiyu kuliko jingine lolote ni ghala la pamba la chama cha msingi cha ushirika.

Litazame kwa karibu. Pamba ni nyepesi lakini inajaza nafasi. Huogopa maji na hushika moto upesi. Kwa sababu hiyo ghala ni chumba kirefu kisicho na vyumba vya ndani, sakafu ya saruji imeinuliwa kutoka ardhini, matundu ya hewa yako juu karibu na bati, na mlango ni mpana wa kupitisha watu wenye mizigo. Ndani, pamba safi hukaa mbali na pamba fifi, yaani ya daraja la chini. Nje, kwenye kibaraza, ndipo penye mizani. Mahali hapo hapakuwa pa urahisi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kuibiwa uzito na mawakala wa wanunuzi, wakaweka watu wao wa kuhakiki vipimo. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya Paul Bomani, lilizaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoandikishwa mwaka 1955. Mizani iliyo hadharani, kila mwenye gunia akiiona mishale yake, ndiyo madai ya wakulima wale yaliyogeuzwa jengo.

Atatokea wa kusema kwamba duka la Mhindi lilitangulia. Ni kweli, na viwanda vya kwanza vya kuchambua pamba vilikuwa pia vya wafanyabiashara wa Kihindi. Lakini anayetangulia si lazima awe ndiye aliyebeba mji. Februari 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini. Mei mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, ununuzi ukapewa vijiji na mamlaka ya zao. Sheria ya 1982 ikaurudisha ushirika. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena. Katika misukosuko yote hiyo mwenye ghala alibadilika, kazi ya ghala haikubadilika: kila sera ilihitaji paa, sakafu kavu na mizani. Wengine watasema maghala hayana uzuri, yote yanafanana. Kufanana huko ndiko ushahidi wenyewe, kwamba ramani moja ilirudiwa kijiji hadi kijiji kwa makato ya mauzo ya wanachama. Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba ushirika nao uliwacheleweshea wakulima malipo, na baadhi ya makarani wakachezea mizani ileile. Hilo halipingiki. Ila halilivui jengo thamani yake. Linaonyesha kwamba ugomvi wa uzito haukuisha mwaka 1955, na kwamba kibaraza kile kimeshuhudia pande zote mbili za ugomvi huo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kuwa kale majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa kwa tangazo maalumu la waziri. Ghala la pamba haliwezi kufikia mwaka huo wa 1863. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, ardhi ya mjini imepanda bei, na jengo pana lenye mlango mmoja huonekana ni kiwanja kilichopotezwa. Kutaka maghala yote yahifadhiwe ni kuwanyima wanachama wa vyama vya msingi (AMCOS) haki ya kujenga upya mali yao. Yatosha kwamba kabla ya kubomoa, ghala lipimwe, lipigwe picha, na wazee waulizwe mizani ilining'inia wapi na karani alikaa upande gani.